Mahadhi Yaleyale, Mdomo Mwingine: Namna ya Kulinganisha Kazi za Andrew Lloyd Webber

Jioni nyingi kati ya Juni na Septemba 2025, mtaa wa Argyll katikati ya London ulijaa watu waliosimama wakiangalia juu. Rachel Zegler, aliyekuwa akimwigiza Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, katika tamthilia ya muziki ya Evita, alikuwa akitoka kwenye roshani ya ukumbi wa Palladium na kuimba "Don't Cry for Me Argentina" bure kwa yeyote aliyekuwa barabarani, huku waliokata tiketi wakimtazama kwenye skrini ndani ya ukumbi. Video zilisambaa mitandaoni, mabishano yakafuata. Wapo waliosema waliolipa wamepunjwa. Wapo waliouliza kama mtunzi wa wimbo huu ndiye wa Les Misérables. Na hakukosekana yule wa kila mjadala wa aina hii: nyimbo za Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa Evita, ni moja tu, anachobadilisha ni maneno, na hata hiyo moja kaiokota kwa wenzake.

Hilo la mwisho halifai kupuuzwa, maana lina chembe ya ukweli. Kasoro yake ni kwamba limefunga fungu moja mambo matatu tofauti. Kuna mahadhi yanayorudi ndani ya tamthilia ileile. Kuna yanayohama kutoka tamthilia moja kwenda nyingine. Na kuna yanayofanana na ya mtunzi mwingine. Anayeyachanganya hayo hawezi kulinganisha hata kazi zake mbili. Akiyatenganisha, ataanza kuona kwa nini mtu mmoja aliweza kutunga Evita, ambayo kila uzi wake umevutwa ukakaza, kisha miaka michache baadaye akatunga Cats, ambayo nyuzi zake nyingi hazigusani kabisa.

Nani kafanya nini

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani unaosimulia hadithi kwa kuimba, mara nyingi na kucheza pia, na wakati mwingine kwa mazungumzo ya kawaida katikati. Nikisema muziki wa tamthilia sizungumzii wimbo mmoja uliovuma redioni. Nazungumzia kila kinachosikika tangu taa za ukumbini zinapozimwa: utangulizi wa okestra, nyimbo, mazungumzo yanayoimbwa, hata muziki wa kubadilishia mandhari. Mahadhi ni ule mwendo wa sauti kupanda na kushuka, unaoweza kuupiga mluzi hata kama maneno umeyasahau.

Lloyd Webber, aliyezaliwa London mwaka 1948, anatunga muziki. Maneno kwa kawaida huandikwa na wengine. Tim Rice aliandika ya Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, Jesus Christ Superstar na Evita. Charles Hart, pamoja na Richard Stilgoe, waliandika ya The Phantom of the Opera. Don Black na Christopher Hampton ya Sunset Boulevard. Kuugawa muziki kwa ala za okestra, nani apige nini na aingie lini, ni kazi nyingine tena, na kwa miaka mingi Lloyd Webber ameifanya akishirikiana na David Cullen. Kwa hiyo anayesema Phantom ni dhaifu kwa sababu mistari yake haina makali ya Evita, amemlinganisha Hart na Rice. Mtunzi bado hajaguswa.

Les Misérables si yake, ni ya Mfaransa Claude-Michel Schönberg. Watu huchanganya kwa sababu mtayarishaji Cameron Mackintosh ndiye aliyezipeleka Cats, Les Misérables na Phantom jukwaani London katika miaka ya 1980. The Lion King nayo huangukia kwenye fungu hilohilo kwa makosa: maneno ya nyimbo zake zilizovuma ni ya Tim Rice, lakini muziki ni wa Elton John.

Roshani ya Eva na kejeli ya Che

Anayeijua Evita kwa wimbo wa roshani peke yake hajui kwamba kwenye onyesho lenyewe mahadhi hayo yameshaimbwa mapema sana, na anayeyaanza si Eva. Tamthilia inafunguka Buenos Aires, Julai 1952. Sinema inakatizwa, inatangazwa kwamba Eva Perón amefariki, nchi inaangua kilio. Ndipo anaingia Che, msimulizi asiyemwonea huruma mtu, na kuimba "Oh What a Circus", wimbo wa kuyabeza maombolezo yote yale. Isikilize halafu punguza kasi kichwani: ni "Don't Cry for Me Argentina" mtupu, umeongezwa mwendo na kutiwa ngoma.

Kwa hiyo Eva anapopanda roshani sehemu ya pili inapoanza, amevaa gauni la kifahari mbele ya umati wa maskini, sikio la mtazamaji limeshawekewa sumu. Hatujui tulie naye au tumcheke. Uimbwe pekee, kama Julie Covington alivyourekodi hadi ukashika namba moja Uingereza mwaka 1977, wimbo huu unaonekana kuwa kiapo cha mapenzi kwa nchi. Ndani ya tamthilia ni hotuba ya kisiasa, ya mtu anayejua vizuri namna ya kuushika umati. (Ndiyo maana mimi siwahesabu waliokaa ndani ya Palladium kuwa wamepunjwa sana. Hotuba inahitaji umati wa kweli, na mwanasiasa wa kwenye skrini ndiye mwanasiasa tunayemjua sote.)

Kisha mahadhi yanarudi mara ya tatu. Eva sasa ni mgonjwa, nguvu zimemwishia, na kupitia redio anaukataa umakamu wa rais alioupigania. Sauti inapita njia ileile ya roshani, ila inaburuta miguu. Kejeli, ushindi, kuaga: sehemu tatu za maisha ya mtu zimebebwa na mahadhi mamoja, na kila mara tunayasikia tukiwa tunajua jambo jipya juu ya anayeimba. Huo ndio mtihani ninaopendekeza kwa kazi zote za Lloyd Webber. Mahadhi yakirudi, uliza: safari hii ni nani anaimba, na tunajua nini ambacho hatukujua mara ya kwanza? Kama hakuna jibu, basi mlalamikaji wa mtandaoni ana haki yake.

Kwa nini alijenga hivi? Sababu moja ni ya kibiashara kabisa. Jesus Christ Superstar haikuanzia jukwaani. Watayarishaji hawakuitaka, kwa hiyo Rice na Lloyd Webber waliitoa kwanza kama albamu, mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikapanda hadi kileleni mwa chati za Marekani, na ndipo Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia wa New York, ikafungua mlango, Oktoba 1971. Evita ikafuata njia hiyohiyo, albamu mwaka 1976 na jukwaa la London mwaka 1978. Kwenye albamu hakuna mavazi, taa wala pazia. Msikilizaji aliyekaa na santuri yake lazima atambue kwa sikio nani anaongea na kipi kimebadilika. Mahadhi yanayorudi yakachukua kazi ambayo jukwaani ingefanywa na mandhari.

Superstar imejaa mbinu hiyo, na pengine mfano mkali kuliko yote ni tukio la hekaluni. Wafanyabiashara wananadi bidhaa zao kwa mapigo saba, hesabu isiyo ya kawaida inayomfanya msikilizaji ahisi anasukumwa sokoni. Yesu anawafukuza, kunatulia kidogo, kisha wanaanza kuja wagonjwa na wenye ukoma, mmoja, kumi, umati mzima, wakiomba waguswe. Wanaimba mahadhi ya wafanyabiashara. Yaleyale. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba wagonjwa nao wanataka kuchukua, na kwamba hekalu limejaa upya, okestra imeshasema.

Tena humo, Maria Magdalena anaimba "I Don't Know How to Love Him", wimbo wa mtu aliyechanganyikiwa na mapenzi asiyoyaelewa. Baadaye sana, dakika chache kabla ya kujinyonga, Yuda anaanza kuimba wimbo huohuo. Wawili ambao kutwa wamekuwa wakipingana wanakutwa na ugonjwa mmoja. Na "Everything's Alright", wimbo wa kumbembeleza Yesu apumzike, unakwenda kwa mapigo matano badala ya manne. Jaribu kuuhesabu kwa vidole: kila unapotarajia kutua, kuna pigo moja limebaki. Wanamwambia kila kitu ni shwari, na muziki unakataa.

Paka na mshairi aliyekwisha kufariki

Cats, iliyofunguliwa London Mei 1981 na kudumu miaka 21, ni mnyama mwingine. Maneno yake mengi ni mashairi ya T. S. Eliot aliyoyachapisha mwaka 1939, na Eliot alifariki mwaka 1965. Tim Rice ungeweza kumpigia simu umwombe apunguze silabi mbili. Eliot hapana. Mtunzi ilibidi aufuate mwendo wa shairi kila linapokwenda, na kwa kuwa kila shairi ni picha ya paka mmoja, kila paka akapata mtindo wake: huyu roki, yule muziki wa kumbi za burudani za zamani, mwingine karibu na wimbo wa kanisani. Hadithi ni nyembamba kama uzi. Anayeitafuta Evita humu atalalamika bure. Hii ni kazi ya mtu anayeonyesha kabati lake lote la mitindo.

Isipokuwa "Memory". Hapo mahadhi yalitangulia, na maneno yakaandikwa na mwongozaji Trevor Nunn, akichota kwenye shairi jingine la Eliot. Ndiyo maana unasikika kama umetoka nyumba nyingine. Grizabella, paka mzee aliyetengwa, anauimba kipande tu kabla ya mapumziko na hakuna anayemjibu. Anaruhusiwa kuumaliza karibu na mwisho wa onyesho. Mwendo wake wa msingi ni mapigo madogo 12, lakini katikati kuna kundi lililokatwa likabaki na 10, na mwimbaji anajikuta mstari unaofuata umemfikia kabla hajapumua vizuri. Wengi wanaoimba wimbo huu kwenye mashindano hulijaza pengo hilo ili uwe laini, na kwa kufanya hivyo huondoa kitu kizuri kuliko vyote kilichomo.

Mapenzi ya kuazima

Wanaoitaja The Phantom of the Opera huanza na kinanda kikubwa kinachoshuka kwa kishindo, au na takwimu: ilianza London mwaka 1986, ikafika Broadway Januari 1988, na ilipofungwa huko Aprili 2023 ilikuwa imeonyeshwa mara 13,981. Mimi ningeanza na "All I Ask of You".

Phantom ni mtunzi mwenye kinyago anayejificha ndani ya jumba la opera la Paris, na anampenda mwimbaji Christine, anayependwa pia na Raoul. Raoul na Christine wanauimba wakiwa juu ya paa la jumba hilo. Ni wimbo wa wachumba, hauna siri yoyote. Wakishaondoka tunagundua kwamba Phantom alikuwa amejificha akisikiliza, na anaurudia palepale kwa uchungu. Hilo mtunzi yeyote mzuri angelifanya. Kinachofuata ndicho kinachonistaajabisha. Karibu na mwisho, Phantom anajiingiza kwenye opera aliyoitunga mwenyewe, anaimba na Christine mbele ya hadhira nzima, na inapofika saa ya kumwambia anampenda, yeye, gwiji aliyejisifu usiku kucha kuwa muziki ni mali yake, hana mahadhi yake ya kusemea. Anaazima ya Raoul. Anaomba kwa maneno na sauti za mpinzani aliyemsikia kwa kuchungulia. Christine anamvua kinyago kabla hajamaliza.

Tena opera hiyo ya Phantom ni mojawapo ya opera tatu za kubuni zilizomo kwenye tamthilia. Moja inadhihaki opera kubwa za Paris za karne ya 19, zenye gwaride na wanyama. Nyingine ni kichekesho cha mtindo wa karne ya 18. Ya Phantom mwenyewe inatumia ngazi ya sauti ambayo hatua zake zote ni sawa, hivyo sikio halipati pa kukaa. Anayedai Lloyd Webber ana mtindo mmoja tu asikilize hizo tatu mfululizo.

Ninayoitilia shaka zaidi ni Sunset Boulevard ya 1993. Nyimbo mbili kubwa za Norma Desmond, nyota wa filamu za kimya aliyesahauliwa, zinastahili sifa zote zinazopewa. Lakini kati ya wimbo na wimbo, watu wa Hollywood wanapiga soga juu ya vipande vilevile vya mahadhi, na mara nyingi mtihani wangu unakosa jibu. Vinarudi kwa sababu kuna mazungumzo ya kujazwa muziki. Hapa lile lalamiko la kurudiarudia lina mashiko, na kuwa na nyimbo nzuri pembeni hakuliondoi.

Mahadhi yanayohama

Sasa lile la pili, la kutumia tena kitu cha zamani kwenye kazi mpya. Linafanywa na karibu kila mtunzi wa jukwaani, na lilifanywa na watunzi wa opera karne nyingi kabla. Fundi seremala hatupi ubao mzuri kwa kuwa meza aliyokusudia haikununuliwa. Wimbo wa mzaha wa Mfalme Herode katika Superstar ulikuwa umekwisha kutungwa kwa maneno mengine, ukiitwa "Try It and See", kwa ajili ya shindano la Eurovision. Haukuchaguliwa. Kwa Herode, mtawala anayemtaka Yesu amfanyie mazingaombwe, wimbo wa mashindano ya televisheni ulikaa kana kwamba ulikuwa unamsubiri.

Safari ndefu zaidi ni ya mahadhi ya "Love Never Dies". Mwaka 1998 yaliimbwa kwenye tamasha la kutimiza miaka 50 ya Lloyd Webber, kwa jina "The Heart Is Slow to Learn". Mwaka 2000 yakaingia The Beautiful Game, tamthilia ya vijana wacheza mpira wa Belfast wakati wa machafuko ya Ireland Kaskazini, yakiitwa "Our Kind of Love". Mwaka 2010 yakawa wimbo mkuu wa Love Never Dies, mwendelezo wa Phantom. Wengi waliona hapo ndipo uvivu ulipothibitika.

Nadhani ni kinyume. Mahadhi hayo ni mapana, ya soprano (sauti ya juu ya kike) iliyofunzwa, na mdomoni mwa vijana wa mtaani Belfast yalivaliwa kama koti la mkubwa. Katika Love Never Dies hadithi nzima imefungwa kwenye swali moja: Christine ataimba au hataimba? Raoul, ambaye sasa ni mumewe, ameweka dau na Phantom. Christine akiimba, Raoul ataondoka. Mtazamaji anasubiri noti ya kwanza akijua ndoa inavunjika itakapotoka. Hapo ndipo yalipopata kazi. Tamthilia yenyewe ina udhaifu mwingi, lakini si huo.

Je, ni wizi?

Hapa ukweli na uvumi vimechanganyika. Warithi wa Puccini, mtunzi Mwitaliano aliyefariki mwaka 1924, walidai kwamba kifungu cha "The Music of the Night" kimetoka katika La fanciulla del West, opera ya mwaka 1910. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama. Makubaliano ya namna hiyo si hukumu, wala si kukiri, ingawa mitandaoni husimuliwa kama yote mawili. Sikio langu linasema kifungu hicho kinafanana kweli, kwa sekunde kadhaa, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Madai ya Roger Waters wa bendi ya roki ya Pink Floyd, kwamba ule mteremko wa mwanzo wa Phantom umetoka katika "Echoes", wimbo wa bendi hiyo wa mwaka 1971, hayakuwahi kufika mahakamani. Mteremko huo ni sauti zilizopangwa jirani kwa jirani, kama anayegusa vitufe vya piano kimoja baada ya kingine bila kuruka cheupe wala cheusi. Kufanana kupo, ila malighafi hiyo ni ya kila mtu.

Lloyd Webber mwenyewe amesimulia kwamba alipotunga "Memory" alimpigia baba yake, William, ambaye naye alikuwa mtunzi, akimuuliza kama haujafanana na kitu cha Puccini. Baba akamjibu kwamba unafanana na dola milioni. Na kuna kuazima kusikolalamikiwa na mtu: Variations ya mwaka 1978, aliyomtungia mdogo wake Julian, aliyekuwa mpiga selo, baada ya kushindwa dau la mechi ya timu ya soka ya Leyton Orient, imejengwa waziwazi juu ya Caprice namba 24, kipande cha fidla cha Paganini. Watunzi Brahms na Rachmaninoff walishapita hapohapo kabla yake.

Anayetaka kujaribu mwenyewe achague rekodi kwa uangalifu. Asianze na mikusanyiko ya nyimbo bora, wala matoleo yaliyofupishwa, kwa sababu kinachokatwa kwanza humo ni zile sehemu ambapo mahadhi yanarudi. Albamu ya Superstar ya 1970, Evita ya 1976 na rekodi kamili ya Phantom ya London zinatosha. Kwenye Evita, ruka moja kwa moja hadi "Oh What a Circus", kisha roshani, kisha hotuba ya mwisho ya redioni. Kwenye Phantom, sikiliza paa, halafu nenda dakika za mwisho za "The Point of No Return", pale anapoacha kuimba wimbo wake na kuanza wa Raoul.